Mikono Imetakaswa, Simu Je?

Mabango ya kunawa mikono yanayobandikwa juu ya masinki ya hospitali yanafanana karibu kila mahali: lowesha mikono, paka sabuni, sugua viganja, pitisha vidole kati ya vidole, usisahau vidole gumba na ncha za kucha, suuza, kausha. Ni maelekezo mazuri, na zoezi zima likifanywa kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza huchukua sekunde 40 hadi 60. Sijapata kuona bango linaloeleza simu iwe wapi katika muda huo. Kwa kawaida iko mfukoni mwa sare, na ikiita punde tu baada ya mikono kukaushwa, mkono ule ule uliotoka kwenye maji ndio unaoingia mfukoni kuichukua.

Kazi yangu ni ya maabara ya mikrobiolojia: kuotesha usaha, mkojo, makohozi na damu ili kujua ni bakteria gani anayemsumbua mgonjwa na ni dawa gani itakayomfaa. Katika kazi hiyo nimewahi pia kushughulikia sampuli zilizochukuliwa kwenye simu za madaktari na wauguzi, na msimamo nilioupata ni kwamba simu ya mtu anayehudumia wagonjwa haina budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya mkono wake. Maadamu taratibu zetu zinaiona kuwa mali binafsi inayopita tu wodini, tutaendelea kuhimiza usafi wa mikono kwa nguvu zote huku tukikiacha nje ya hesabu kitu ambacho mikono hiyo hiyo hukigusa pengine kuliko jalada la mgonjwa na kuliko kitasa cha mlango.

Jambo lenyewe si geni kwa watafiti. Katika utafiti mmoja uliofanywa Uturuki na kuchapishwa mwaka 2009, wafanyakazi 200 wa vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi walipimwa mikono na simu zao, na bakteria walipatikana kwenye asilimia 94.5 ya simu hizo. Asilimia hiyo hupendwa sana na waandishi wa vichwa vya habari, lakini mimi hainishtui, kwa sababu ngozi ya binadamu ina bakteria wakati wote na simu huchukua kilichoko kwenye ngozi. Takwimu ya kutazamwa ni nyingine iliyomo katika utafiti huo huo: miongoni mwa bakteria aina ya Staphylococcus aureus waliotolewa kwenye simu, asilimia 52 walikuwa sugu kwa methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka huo huo wa 2009 yaliweka kiwango cha vifaa vya mawasiliano vyenye bakteria wanaoweza kuleta maradhi kati ya asilimia 9 na 25. Kutoka 94.5 hadi 25 ni mbali, na anayetaka kuelewa suala hili lazima aelewe kwanza umbali huo unatokana na nini.

Maabara, tofauti hiyo huonekana kwa macho. Kijiti cha pamba kilicholoweshwa kwa maji ya chumvi yasiyo na vimelea hupitishwa juu ya kioo cha simu, kwenye kingo, kwenye vitufe vya sauti, kuzunguka kamera na mgongoni, kisha hupakwa kwenye sahani mbili za kuoteshea, moja yenye damu na nyingine iitwayo MacConkey, na zote huachwa katika nyuzi joto 37 hadi kesho yake. Ukifungua, sahani ya damu mara nyingi huwa imejaa vidoto vyeupe, vidogo, vikavu kidogo. Hao aghalabu ni Staphylococcus epidermidis na jamaa zake, wenyeji halali wa ngozi. Kama kuna kidoto kikubwa zaidi, chenye rangi inayoelekea dhahabu na kilichozungukwa na duara jeupe ambapo damu imeyeyushwa, hapo mtu husogeza kiti. Tone la plazma ya sungura likigandishwa na bakteria huyo, tunaye Staphylococcus aureus, na hatua inayofuata ni kumweka karibu na kikaratasi chenye sefoksitini, dawa tunayoitumia kupimia usugu wa methisilini, ili tuone kama ataogopa. Akiota hadi karibu kabisa na kikaratasi, ana usugu ule wa methisilini ambao ulitangazwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1961, muda mfupi tu baada ya dawa hiyo kuanza kutumika.

Sahani ya MacConkey ndiyo ninayoitazama kwa wasiwasi zaidi. Ina kemikali zinazozuia bakteria wa kawaida wa ngozi, kwa hiyo inatakiwa kubaki tupu, au karibu tupu, iwapo simu imebeba ngozi ya mwenyewe tu. Madoa ya waridi yenye utelezi kama kamasi humaanisha Klebsiella au wa kundi lake, ambao makao yao ya asili ni utumbo. Madoa yasiyo na rangi huweza kuwa Pseudomonas au Acinetobacter, wapenzi wa masinki, mashine za kupumulia na vidonda vya kuungua. Bakteria wa utumbo akiwa kwenye kioo cha simu ameletwa na mkono uliopita mahali fulani bila kuoshwa. Ndiyo maana napenda kusema kwamba simu ni shahidi wa mikono, na ni shahidi asiye na sababu ya kumpendelea mtu.

Kwa hiyo sentensi ile inayozungushwa kila mara, kwamba simu ni chafu kuliko kiti cha choo, naiona ni ya kuchekesha na pia ya kupotosha. Inahesabu idadi ya bakteria bila kuuliza ni akina nani, na inasahau kwamba kiti cha choo hupigwa dawa kila siku na hakuna mtu anayekigusa kisha akaenda moja kwa moja kubadilisha bandeji ya kidonda cha upasuaji. Bakteria milioni wa ngozi yangu kwenye simu yangu mwenyewe hawana madhara makubwa kwa mtu mzima mwenye afya. Bakteria wachache sugu kutoka kitanda cha tatu, wakipelekwa kitanda cha nne kwa mgonjwa aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, ni habari tofauti kabisa. Na hata yule Staphylococcus epidermidis ninayemwita mwenyeji halali hubadilika sura akiingia kwa mtoto njiti au akijishika kwenye kiungo bandia, kwa kuwa ana uwezo wa kujijengea utando wa utelezi juu ya plastiki na chuma, na ndani ya utando huo dawa humfikia kwa shida.

Kuna dai jingine linalohitaji kupunguzwa makali, nalo ni kwamba joto la simu huwafanya bakteria waongezeke kana kwamba wako kwenye mashine ya kuoteshea. Joto peke yake halitoshi. Bakteria huhitaji maji na chakula, na kioo kikavu kina kidogo sana cha vyote viwili. Wanachokifanya wengi wao pale ni kuvumilia. Lakini uvumilivu wao ni mkubwa. Mapitio ya tafiti kuhusu muda wa kuishi kwenye nyuso kavu yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba Staphylococcus aureus anaweza kudumu kuanzia siku 7 hadi miezi 7, na Acinetobacter kuanzia siku 3 hadi miezi 5, kutegemea unyevu, aina ya uso na wingi wao walipoanza. Simu haihitaji kuzalisha bakteria ili iwe hatari. Inatosha iwahifadhi kati ya zamu moja na nyingine, na inatosha mikono iendelee kuiongezea wapya.

Hapa watu wa kuzuia maambukizi hospitalini huuliza swali la haki: je, kuna uthibitisho kwamba mgonjwa fulani aliugua kwa sababu ya simu fulani? Kukuta bakteria kwenye simu na kuthibitisha kwamba ndiye aliyemfikia mgonjwa ni mambo mawili, na tafiti nyingi za simu zimeishia kwenye la kwanza. Ili kufika la pili ni lazima bakteria wa kwenye simu, wa kwenye mkono na wa kwenye damu ya mgonjwa walinganishwe vinasaba, na hata wakifanana bado haijulikani ni nani aliyemwambukiza nani, kwa kuwa mkono ungeweza kuwatoa popote. Ninalikubali hilo bila kinyongo. Lakini hatukusubiri uthibitisho wa aina hiyo kwa vitanda, wala kwa vipima sauti vya moyo, wala kwa vishikizo vya toroli. Tulivisafisha kwa sababu njia ya maambukizi inaeleweka na gharama ya kusafisha ni ndogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini, na kwamba kwa wastani mmoja kati ya kila kumi wa hao walioambukizwa hufariki. Kwa mzigo kama huo, kuitaka simu ithibitishwe mahakamani kwanza ni anasa.

Mwongozo wa nyakati tano za usafi wa mikono, uliotolewa na shirika hilo hilo mwaka 2009, ukisomwa kwa makini unalijibu suala la simu ingawa hauweki mkazo juu yake. Nyakati hizo ni kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya uwezekano wa kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Nyuma ya orodha hiyo kuna wazo la mipaka: mgonjwa na vitu vyake vya karibu ni eneo moja, na kila kilichobaki hospitalini ni eneo jingine. Wakati wa kwanza, yaani kabla ya kumgusa mgonjwa, hauhesabiwi tangu mtu alipoingia wodini bali tangu alipogusa kwa mara ya mwisho kitu cha nje ya eneo la mgonjwa. Aliyenawa mlangoni, akapokea simu kando ya kitanda, kisha akashika mkono wa mgonjwa kutafuta mshipa, hajatimiza wakati wa kwanza hata kama mikono yake bado inanukia sabuni. Wengi wanaijua orodha kwa moyo na bado hawaihusishi na simu, kwa sababu simu haionekani kuwa ya eneo lolote. Inavuka mipaka yote kwa siku nzima, kisha jioni inakwenda kulala karibu na mto wa mwenyewe.

Glavu huzidisha tatizo badala ya kulipunguza. Mtu aliyevaa glavu hujiona amelindwa, na kwa hakika yeye amelindwa. Simu aliyoigusa kwa glavu hizo ndiyo isiyolindwa. Nimeona glavu yenye doa la damu ikibonyeza kioo ili kukata mlio, kwa kidole kimoja tu, kwa haraka na kwa nia njema ya kutosumbua wagonjwa. Glavu zilivuliwa kwa utaratibu unaotakiwa, mikono ikatakaswa, kisha mkono mtupu ukaichukua simu ile ile.

Baadhi ya wakuu wa hospitali huona suluhisho ni kupiga marufuku simu wodini. Siungi mkono, na sababu yangu si huruma bali ni kwamba marufuku hayo hayatekelezeki. Simu ndiyo inayomwita daktari bingwa usiku, ndiyo yenye kikokotoo cha dozi ya mtoto, ndiyo inayotumwa picha ya eksirei, na ndiyo tochi umeme unapokatika. Kuna kichekesho kidogo hapa: mwaka 2007 Idara ya Afya ya Uingereza ilitangaza utaratibu wa kuwataka wahudumu wawe na mikono mitupu kuanzia kiwiko kwenda chini, bila mikono mirefu ya koti wala saa za mkononi, na utaratibu wa namna hiyo sasa unafuatwa katika hospitali nyingi duniani. Saa zikavuliwa. Mahali pasipo na saa ya kubandika kifuani, mapigo ya moyo ya mgonjwa yakaanza kuhesabiwa kwa kutazama simu. Ukipiga marufuku simu bila kuziba kazi zote inazozifanya, itatumika kwa kujificha, na simu ya kujificha haisafishwi mbele ya mtu.

Kinachofaa ni kuisafisha kama tunavyosafisha kifaa chochote kinachogusa ngozi isiyo na jeraha. Alkoholi ya asilimia 70 katika kitambaa kilicholowa, kisichodondosha, inatosha kwa sehemu kubwa ya bakteria niliowataja. Watu hudhani alkoholi safi ya karibu asilimia 100 ni kali zaidi, kumbe maji yaliyochanganywa ndiyo yanayosaidia kuharibu protini za bakteria na kuifanya alkoholi isikauke kabla haijamaliza kazi. Uso lazima ubaki umelowa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Kupangusa na kukausha papo hapo kwa pindo la koti hakusaidii lolote isipokuwa kuondoa alama za vidole. Kwa miaka mingi wenye simu walikuwa na kisingizio halali, kwa kuwa watengenezaji walionya dhidi ya alkoholi kwa hofu ya kuharibu utando wa juu ya kioo. Mwezi Machi 2020, janga la korona lilipokuwa linasambaa, Apple ilibadilisha maelekezo yake na kuruhusu vitambaa vyenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, na kisingizio hicho kikapungua nguvu. Klorini isiguse simu, na majimaji yasipuliziwe kwenye matundu ya chaja na spika.

Kava ni tatizo linalostahili kutazamwa peke yake. Kava la ngozi au la kitambaa halisafishiki kwa kupangusa, na lile lenye mfuniko wa kukunja kama kitabu lina nyuso nyingi zaidi za kugusa. Kati ya kava la mpira na mwili wa simu hujikusanya uchafu mweusi wa mstari mwembamba, mchanganyiko wa mafuta ya ngozi, vumbi na nyuzi za nguo, ambao alkoholi haipenyi mpaka uondolewe kwanza kwa kusuguliwa. Kioo kilichopasuka nacho kina mifereji ambayo kitambaa hakifiki. Vimeboreshwa vifaa vya mionzi ya urujuanimno ambavyo simu huwekwa ndani kwa muda mfupi. Vinafanya kazi, lakini mionzi hiyo hupita kwa mstari ulionyooka tu, hivyo kilichoko chini ya kava, ndani ya ufa au nyuma ya tabaka la uchafu hubaki kivulini. Kabla ya kununua mashine ya namna hiyo ningeanza na kava laini la plastiki linalovuliwa kwa urahisi.

Tena kuna wagonjwa ambao kwao alkoholi haitoshi. Clostridioides difficile, anayeleta kuhara kukali hasa kwa waliotumia antibiotiki kwa muda, hutengeneza spora, yaani chembe zenye ganda gumu, ambazo alkoholi haiziui, ndiyo maana wanaomhudumia mgonjwa wa aina hiyo huelekezwa kunawa kwa maji na sabuni na nyuso husafishwa kwa klorini. Kwa kuwa klorini haiwezi kupakwa kwenye simu, simu isiingie katika chumba hicho, au iingie ndani ya mfuko angavu uliofungwa ambao utatupwa mlangoni wakati wa kutoka.

Swali linalobaki ni la nani alipe na nani asimamie. Kitanda ni cha hospitali, kwa hiyo kina mtu wa kukisafisha, ratiba na fomu ya kusaini. Simu ni ya Daktari au ya Sista mwenyewe, na hospitali huogopa kumwelekeza mtu kuhusu mali yake, ilhali inategemea mali hiyo kila siku kuendesha kazi zake. Naona hospitali inayomwita mtu kazini kwa simu yake binafsi ina wajibu wa kumpa vitambaa vya kuisafishia, viwekwe pale pale penye kitakasa mikono, na muda wa kufanya hivyo uwe wakati wa kukabidhiana zamu, ambapo watu tayari wamesimama pamoja. Simu ya wodi, ile inayokaa mezani na kushikwa na kila aliye zamu, iingizwe kwenye orodha ya usafi pamoja na kibodi ya kompyuta, maana hiyo haina hata mwenyewe wa kuionea haya.

Ni haki pia kuongeza kwamba wafanyakazi si wabebaji pekee, wala si wabaya kuliko wengine. Utafiti mwingine wa Uturuki, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha simu za wahudumu na simu za wagonjwa, wauguzaji wao na wageni, ukakuta bakteria wa kuleta maradhi kwenye asilimia 20.6 ya simu za wahudumu na asilimia 39.6 ya simu za lile kundi la pili. Mgonjwa hulala na simu juu ya shuka, huishika baada ya kugusa bandeji yake, hula nayo mkononi na kwenda nayo msalani. Kisha, daktari anapopita raundi, mgonjwa humnyooshea simu hiyo ili azungumze na ndugu aliye mbali anayetaka kujua hali, na daktari mwenye adabu huipokea, huiweka sikioni na kueleza. Kukataa kungekuwa ukatili, na hakuna haja ya kukataa: simu inaweza kuwekwa kwenye spika ikiwa mkononi mwa mgonjwa mwenyewe, na daktari akishaishika ahesabu kwamba amegusa kitu kilichomzunguka mgonjwa, atakase mikono kabla ya kwenda kitanda kinachofuata.